Kompyuta Isiyowaka: Namna ya Kuchunguza Kisanduku cha Umeme

Katika shule nyingi za sekondari kompyuta ya mezani iliyomo ofisini mwa mwalimu wa taaluma ndiyo hutunza alama za wanafunzi, ratiba ya vipindi na mitihani ya majaribio. Asubuhi moja mwalimu huibonyeza swichi kama ilivyo kawaida yake, lakini mashine haimjibu. Taa haiwaki, feni haizunguki, wala hakuna mlio wowote. Walimu hukusanyika. Wa kwanza husema kwamba kompyuta imeungua. Wa pili hushauri inunuliwe nyingine. Wa tatu huchukua bisibisi ili aifungue. Wote watatu wamekwisha kutoa hukumu kabla ya kusikiliza ushahidi.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi sehemu inayoilisha kompyuta umeme inavyofanya kazi, na jinsi mwalimu pamoja na wanafunzi wake wanavyoweza kujua, kwa kufuata hatua chache na kutumia mita ya kawaida ya maabara, kama sehemu hiyo imekufa au inasingiziwa. Jambo hili lina maana kwa sababu mbili. Kwanza, mara nyingi ubovu huwa mdogo, na shule hupoteza fedha kwa kununua kifaa ambacho hakikuhitajika. Pili, ndani ya sehemu hiyo mna umeme unaoweza kumwua mtu hata baada ya plagi kuchomolewa. Kwa hiyo kujua mahali pa kupima ni muhimu, na kujua mahali pasipoguswa ni muhimu zaidi.

KAZI YA KISANDUKU CHA UMEME

Nyuma ya kompyuta ya mezani, pale waya wa kutoka ukutani unapochomekwa, pana kisanduku cha bati chenye feni yake. Hicho ndicho tutakachokiita kisanduku cha umeme. Umeme wa ukutani nchini Tanzania ni wa volti 230, na ni mkondo geu, yaani hubadili mwelekeo wake na kukamilisha mizunguko 50 katika kila sekunde. Vipande vya kompyuta haviwezi kuutumia umeme wa namna hiyo. Vyenyewe vinahitaji mkondo wa mwelekeo mmoja usioyumba, wenye volti ndogo: volti 3.3, volti 5 na volti 12. Kazi ya kisanduku ni kuugeuza umeme wa kwanza uwe wa pili.

Njia ya zamani ya kufanya kazi hiyo ilikuwa kutumia transfoma kubwa ya chuma ili kupunguza volti, na kisha kuunyoosha mkondo kwa daiodi. Transfoma inayofanya kazi kwa mizunguko 50 tu kwa sekunde haina budi kuwa kubwa na nzito, kwa sababu katika kila mzunguko hulazimika kupitisha fungu kubwa la nishati. Mtu anayekwenda kisimani mara moja kwa siku huhitaji pipa, lakini yule anayekwenda kila dakika hutosheka na kata. Wahandisi walitumia kanuni hiyo hiyo. Badala ya kuupunguza umeme kama ulivyo, kwanza huunyoosha na kuuhifadhi katika kapasita kubwa. Halafu transista huukatakata mara makumi ya maelfu kwa sekunde. Umeme uliokatwa namna hiyo hupita katika transfoma ndogo inayoenea kiganjani, kisha hunyooshwa tena na kulainishwa mpaka uwe volti zinazotakiwa. Saketi ya udhibiti huyapima matokeo wakati wote na kusahihisha ukataji huo volti zinapopanda au kushuka.

Kompyuta ya Apple II iliyotoka mwaka 1977 ilitumia kisanduku cha namna hiyo, na hivyo ikawa nyepesi. Kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na kisanduku cha wati 63.5 tu. Siku hizi visanduku vya wati 300 na zaidi ni vya kawaida, lakini kanuni haikubadilika.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1995, kampuni ya Intel ilipotangaza kiwango kinachoitwa ATX. Kabla ya hapo swichi ya mbele ya kompyuta ilikata na kuunga umeme wa ukutani wenyewe, kama swichi ya taa ya chumbani. Katika kompyuta za ATX swichi ya mbele haigusi umeme wa ukutani hata kidogo. Kazi yake ni kupeleka ombi tu. Msomaji akilielewa jambo hili ataelewa upimaji wote utakaofuata, na kwa hiyo tulieleze kwa utaratibu.

WAYA TATU ZENYE HABARI

Maadamu plagi imo ukutani na swichi ya nyuma imewashwa, sehemu ndogo ya kisanduku hukesha, hata kama kompyuta imezimwa. Sehemu hiyo hutoa volti 5 katika waya wa rangi ya zambarau. Huo tutauita umeme wa lindo, kwa kuwa kazi yake ni kama ya mlinzi anayekaa macho wakati wengine wamelala.

Mtu anapobonyeza swichi ya mbele, ubao mkuu wa kompyuta, ambao huishi kwa umeme huo wa lindo, huushusha waya wa kijani mpaka volti zake zikaribie sifuri. Hiyo ndiyo amri ya kukiamsha kisanduku kizima. Kisanduku kikiamka huanza kutoa volti 3.3, 5 na 12. Hakiruhusu kazi ianze papo hapo. Husubiri mpaka volti zote zitulie, na baada ya muda ulio kati ya sehemu moja ya kumi ya sekunde na nusu sekunde hupeleka volti zipatazo 5 katika waya wa kijivu. Waya huo hubeba idhini: humwambia prosesa kwamba chakula kiko tayari na anaweza kuanza kazi. Idhini isipotolewa, prosesa huzuiwa, na skrini hubaki nyeusi ingawa feni zinazunguka.

Kwa hiyo habari yote ya kuwaka kwa kompyuta imo katika waya tatu: zambarau kwa lindo, kijani kwa amri, kijivu kwa idhini. Katika kiunganishi kikubwa chenye matundu 24 waya hizo zimo katika tundu la 9, la 16 na la 8. Waya nyeusi zote ni za ardhi, yaani sifuri ya kupimia.

Ikumbukwe kwamba baadhi ya viwanda vya kompyuta hutumia mpangilio wao wenyewe wa waya, kwamba visanduku vingine vina waya nyeusi tupu, na kwamba kipo kiwango kipya zaidi kinachotoa volti 12 peke yake. Mpimaji asitegemee rangi peke yake endapo kisanduku chake si cha kawaida, bali atafute kwanza mchoro wake.

TAHADHARI KABLA YA KUANZA

Kisanduku chenyewe kisifunguliwe. Volti 230 za mkondo geu ni kipimo cha wastani wa namna yake. Kilele chake hupatikana kwa kuzidisha kwa kipeuo cha pili cha 2, nacho ni volti 325 hivi. Hicho ndicho kiasi kinachohifadhiwa katika kapasita kubwa ya ndani, na katika visanduku vingi vipya hufika hata karibu na volti 400. Tuchukue kapasita ya maikrofaradi 330 iliyojazwa kwa volti 325. Nishati yake ni nusu ya kapasitansi ikizidishwa kwa mraba wa volti, yaani jouli 17 hivi. Nishati hiyo ingeweza kuinua kilo moja ya sukari mpaka juu ya kichwa cha mtu mrefu wa wastani. Ikipita kifuani mwa mtu katika nukta moja, inaweza kuusimamisha moyo. Kwa kawaida kuna kikinzani cha kuimaliza chaji hiyo polepole, lakini katika kisanduku kibovu hakuna ajuaye kama kikinzani hicho bado ni kizima.

Vipimo vyote vilivyoelezwa hapa hufanywa nje ya kisanduku, katika waya zenye volti 12 au pungufu. Hata hivyo, mpimaji avue pete, saa na bangili, kwa maana waya wa volti 12 unaweza kutoa ampea nyingi, na pete ikiunganisha waya wa manjano na wa mweusi huweza kuunguza kidole mpaka mfupani. Avae viatu, asimame juu ya sakafu kavu, na achomoe plagi kila anapotaka kuunganisha au kutenganisha kitu chochote. Wanafunzi wasifanye kazi hii bila mwalimu kuwapo.

HATUA YA KWANZA: KUANZIA UKUTANI

Kanuni yetu ni kuufuata umeme kutoka unakotoka hadi unakokwenda, na kuuliza swali moja katika kila kituo. Kituo cha kwanza ni soketi ya ukutani. Chomeka taa ya mezani katika soketi ile ile. Ikiwaka, soketi ni nzima. Kama kuna stabilaiza au waya wa kuongezea urefu, viondoe na uchomeke kompyuta moja kwa moja ukutani, kwa kuwa vifaa hivyo huharibika mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kituo cha pili ni waya wa umeme na plagi yake. Plagi ya pini tatu bapa ina fyuzi ndani yake, na fyuzi hiyo huweza kuungua. Njia rahisi ni kuazima waya wa kompyuta nyingine unaojulikana kuwa ni mzima. Kituo cha tatu ni swichi ndogo ya nyuma ya kisanduku, ambayo mtu anayefagia au kusogeza meza huweza kuizima bila kujua. Vilevile hakikisha kwamba skrini yenyewe imewashwa, kwa sababu kompyuta inayofanya kazi nyuma ya skrini iliyozimwa imekwisha kupelekwa kwa fundi mara nyingi.

Visanduku vya zamani vina pia swichi nyekundu ya kuchagua volti 115 au 230. Katika nchi zetu swichi hiyo lazima iwe kwenye 230. Ikiwekwa kwenye 115, saketi ya ndani huwa ni ya kuzidisha volti mara mbili: kapasita mbili hujazwa kwa zamu, kila moja hadi volti 325, jumla 650. Kapasita hizo kwa kawaida zimeundwa kubeba volti 200 kila moja. Matokeo yake ni mshindo, moshi na harufu kali. Kwa hiyo mwanafunzi asiiguse swichi hiyo kwa mchezo.

HATUA YA PILI: KUTAZAMA NA KUSIKILIZA

Kabla ya kuchukua mita, dalili zitazamwe kwa makini, maana kompyuta zisizowaka hazifanani.

Dalili ya kwanza ni ukimya mtupu. Hapa yashukiwe mambo matatu: umeme haufiki, kisanduku kimekufa, au amri ya kuwaka haitolewi.

Dalili ya pili ni feni kushtuka mara moja kisha kusimama. Hii ni dalili njema kuliko inavyoonekana. Kisanduku kimeamka, kimeona kwamba mahali fulani kuna shoti, na kimejizima ili kujilinda. Mara nyingi chanzo ni kifaa kingine.

Dalili ya tatu ni feni kuzunguka huku skrini ikiwa nyeusi. Yawezekana waya wa kijivu hautoi idhini, lakini yawezekana pia kumbukumbu, kadi ya picha au ubao mkuu ndio wenye ila.

Dalili ya nne ni kompyuta kuwaka vizuri, kisha kuzima au kujiwasha upya inapopewa kazi nzito. Hapo hushukiwa kisanduku kilichodhoofika, au joto jingi katika prosesa.

Kabla ya kuendelea, chomoa plagi, bonyeza swichi ya mbele mara mbili tatu, ngoja dakika chache, kisha ujaribu tena. Kinga ya kisanduku ikishajifunga huweza kubaki imefungwa mpaka umeme wa ukutani uondolewe kabisa. Kompyuta nyingine huamka kwa dawa hiyo tu.

HATUA YA TATU: MITA

Weka mita kwenye volti za mkondo wa mwelekeo mmoja, katika kiwango cha volti 20. Ncha nyeusi ya mita iguse waya mweusi, ukiipenyeza kwa nyuma ya kiunganishi bila kukichomoa. Ncha nyekundu ndiyo itakayohama.

Swali la kwanza: je, lindo lipo? Pima waya wa zambarau wakati plagi imo ukutani na kompyuta imezimwa. Jibu linalotakiwa ni kati ya volti 4.75 na 5.25. Ukipata sifuri, usihukumu bado, kwa sababu shoti katika ubao mkuu inaweza kuuvuta umeme wa lindo hadi chini. Chomoa plagi, tenganisha kisanduku na ubao, rudisha plagi, upime tena. Ikiwa bado ni sifuri, na umekwisha thibitisha soketi na waya, basi kisanduku kimekufa. Ikiwa volti zimerudi, lawama imehamia kwenye ubao.

Swali la pili: je, amri inatolewa? Pima waya wa kijani. Kompyuta ikiwa imezimwa utaonyesha volti kadhaa. Swichi ya mbele ikibonyezwa lazima ushuke hadi karibu na sifuri. Usiposhuka, yaelekea kosa liko katika swichi au ubao. Ili kuvitenganisha viwili hivyo, chomoa waya mbili nyembamba za swichi kutoka kwenye ubao, kisha ziguse pini zake mbili kwa ncha ya bisibisi kwa nukta moja tu. Kompyuta ikiwaka, swichi ndiyo mbovu, na swichi ni kitu cha bei ndogo.

Swali la tatu: je, kisanduku huamka kikiwa peke yake? Chomoa plagi. Tenganisha kisanduku na vifaa vyote. Kiachie mzigo mdogo, kama vile feni ya sanduku la kompyuta au diski kuu ya zamani isiyo na kitu cha thamani, kwa kuwa visanduku vingine hukataa kuamka bila mzigo. Unganisha tundu la waya wa kijani na la waya mweusi ulio jirani yake kwa kipande kifupi cha waya, ukihakikisha mara mbili kwamba hukukosea tundu. Sasa rudisha plagi. Kisanduku kizima kitaamka. Usitegemee feni yake kuwa ndiyo shahidi pekee, kwa sababu feni nyingine husubiri joto lipande kwanza. Shahidi ni mita.

Vipimo vinavyokubalika katika kiwango cha ATX ni hivi:

Waya wa rangi ya machungwa, volti 3.3: kati ya 3.14 na 3.47.
Waya mwekundu, volti 5: kati ya 4.75 na 5.25.
Waya wa manjano, volti 12: kati ya 11.40 na 12.60.
Waya wa zambarau, volti 5 za lindo: kati ya 4.75 na 5.25.
Waya wa buluu, volti 12 hasi: kati ya hasi 10.8 na hasi 13.2.
Waya wa kijivu, idhini: volti zipatazo 5, muda mfupi baada ya kuamka.

Volti moja tu ikiwa nje ya mipaka hiyo, kisanduku hakifai. Lakini zote zikiwa sawa, je, kisanduku kimethibitika kuwa kizima? Hapana. Mchukuzi asiyebeba kitu husimama wima. Nguvu zake hujulikana akitwishwa gunia. Ndiyo maana kipimo hicho hicho hurudiwa baada ya kuunganisha kila kitu, wakati kompyuta ikifanya kazi nzito. Waya wa manjano ukionyesha 12.1 wakati wa mapumziko na 11.2 wakati wa kazi, udhaifu umeonekana.

Mita nayo ina mipaka yake. Huonyesha wastani wa volti, wala haionyeshi mawimbi madogo ya haraka yaliyobaki juu ya umeme ulionyooshwa. Kiwango cha ATX huruhusu mawimbi yasiyozidi milivolti 120 katika waya wa volti 12, na milivolti 50 katika waya za volti 5 na 3.3. Kapasita zikichoka mawimbi hayo huongezeka, na kompyuta hukosea hesabu zake huku mita ikisema kwamba mambo ni shwari. Pale ambapo hakuna osiloskopu, dawa ni kujaribu kisanduku kingine kizima chenye wati za kutosha. Ugonjwa ukiondoka pamoja na kisanduku cha kwanza, shauri limekwisha.

MFANO MMOJA

Turudi kwa mwalimu wetu wa taaluma, na tudhani kwamba yeye na wanafunzi wake wa kidato cha tatu wamefuata hatua hizi. Taa imewaka katika soketi. Waya wa zambarau umeonyesha volti 5.02: lindo lipo. Swichi ikibonyezwa, waya wa kijani unashuka: amri inatolewa. Walipotazama kwa makini zaidi, waliona feni ikishtuka kidogo na kusimama. Mpaka hapa mtu mwenye haraka angekwenda dukani kununua kisanduku.

Wanafunzi wakakitenganisha kisanduku na kukipima kikiwa na feni moja tu. Kikaamka, kikatoa volti 12.08, 5.06 na 3.34, na waya wa kijivu ukatoa idhini. Basi wakaanza kuvirudisha vifaa kimoja kimoja, wakichomoa plagi kila mara. Ubao mkuu na prosesa: feni inazunguka. Kumbukumbu: inazunguka. Diski kuu: inazunguka. Walipounganisha kichezeshi cha diski za plastiki, kisanduku kikashtuka na kuzima. Wakakiondoa kichezeshi hicho, na kompyuta ikawaka.

Kosa lilikuwa shoti katika kifaa ambacho hakikuwa kimetumika kwa miezi mingi. Kisanduku kilichotaka kutupwa kilikuwa kimefanya kazi yake sawasawa: kilikataa kuulisha umeme moto. Alama za wanafunzi zilikuwa salama katika diski kuu wakati wote. Hata kama kisanduku kingalikuwa kimekufa kweli, kwa kawaida yaliyoandikwa katika diski hayafutiki kwa kukosa umeme. Kwa hiyo shule isikubali kamwe kutupa kompyuta iliyonyamaza kabla ya kuitoa diski yake na kuisoma katika mashine nyingine.

KWA NINI VISANDUKU HUHARIBIKA

Adui wa kwanza ni joto. Kapasita za kulainisha umeme zina kimiminika ndani yake, na kimiminika hicho hukauka polepole. Kanuni ya jumla ni kwamba kila joto linapopungua kwa nyuzi 10, maisha ya kapasita huongezeka mara mbili. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 itadumu saa 32,000 hivi kwa nyuzi 65, kwa kuwa tofauti ya nyuzi 40 ni kuzidisha kwa 2 mara nne. Vumbi likiziba feni, hesabu hiyo hugeuka na kwenda kinyume. Kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi zilienea duniani kapasita zenye kimiminika kibaya, ambazo zilivimba na kupasuka mapema mno. Kofia ya kapasita iliyovimba ni dalili inayoonekana kwa macho, na huweza kuonekana hata juu ya ubao mkuu.

Adui wa pili ni umeme wenyewe kukatika na kurudi kwa kishindo. Umeme ukikatika, plagi ichomolewe, na upite muda mfupi tangu uliporudi kabla ya kuichomeka tena. Adui wa tatu, hasa katika miji ya pwani, ni hewa yenye unyevu na chumvi ambayo hula viungo vya shaba na risasi. Kompyuta iliyofunikwa ikiwa imezimwa, na kufunuliwa kabla ya kuwashwa, huishi zaidi.

Kisanduku kikithibitika kuwa kimekufa, kibadilishwe kizima. Katika kuchagua kingine, isisomwe namba kubwa ya wati peke yake. Tazama mstari wa volti 12: ukiandikwa ampea 18, nguvu yake ni 12 mara 18, yaani wati 216, hata kama nje ya boksi imeandikwa 500. Tazama pia kama viunganishi vyake vinalingana na ubao wako.

HITIMISHO

Tumeona kwamba kompyuta iliyonyamaza hutoa dalili, na kwamba dalili peke yake haitoshi kumtia mtuhumiwa hatiani. Umeme husafiri kwa njia inayojulikana: ukutani, katika waya, kisandukuni, ubaoni, kisha kwa vifaa vingine. Katika kila kituo lipo swali moja linaloweza kujibiwa kwa ndiyo au siyo, na kila jibu hupunguza idadi ya washukiwa. Hiyo ndiyo njia ya kisayansi. Mwanafunzi aliyeitumia kwa kompyuta ya shule ataweza kuitumia kwa pampu ya maji, kwa redio, na kwa pikipiki iliyogoma njiani.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Waya wa zambarau unaonyesha sifuri kisanduku kikiwa kimeunganishwa na ubao, na volti 5.0 kikiwa peke yake. Mshukiwa ni nani, na kwa nini?

2. Kokotoa kilele cha umeme wa ukutani wa volti 240 unaotumika Kenya, na nishati inayohifadhiwa kwa kilele hicho katika kapasita ya maikrofaradi 470.

3. Mwanafunzi amepima kisanduku kisicho na mzigo, akapata volti zote sawa, akasema ni kizima. Eleza upungufu wa hoja yake, na utaje kipimo ambacho ungekiongeza.